Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: hesabu wiki, na wahi kabla ya korosho

Kwa wenzangu wa Newala na Tandahimba tunaohamia shambani korosho zikianza kudondoka: kama tarehe yako ya kurudi zahanati inaangukia msimuni, usiisubiri. Sindano ya miezi mitatu unaweza kuchomwa hadi wiki 2 kabla ya siku yake. Mimi mpaka juzi sikulijua hilo.

Hesabu wiki 13 badala ya miezi. Wiki 13 ni siku 91 kamili, kwa hiyo ukichomwa Jumanne, siku yako ni Jumanne tena, ya 13 kuanzia inayofuata. Umechomwa 14 Julai? Zamu yako ni 13 Oktoba, na kuanzia 29 Septemba unaweza kwenda. Dawa inazuia yai lisipevuke, na kwa kuwahi hakuna siku inayobaki wazi.

Ukichelewa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakubali uchomwe hadi wiki 4 baada ya tarehe. Zikipita hizo, nesi atahakikisha kwanza kama huna mimba, kisha akuchome, nawe utumie kondomu siku 7. Lakini hizo wiki 4 usizifanye mazoea, shamba lina mambo mengi.

Hesabu hii haifai kwa sindano ya miezi miwili. Ile ni wiki 8. Na kama mwakani unataka mtoto, zungumza na nesi mapema, maana baada ya sindano hii mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa. Ukishachomwa, usipasugue pale ilipoingia sindano.