Kudaka nakoboli: somo kwa wadakaji

Nakoboli ni mpira wa besiboli unaorushwa karibu bila mzunguko, na mdakaji ndiye anayeupokea nyuma ya besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji. Hushikwa kwa ncha za kucha, na tangu utoke mkononi hadi ufike besi ya nyumbani huzunguka mara moja au mbili tu, wakati mwingine hata mara moja haitimii. Hewa hupita kwenye mishono bila usawa, na mishono ikigeuka kidogo mpira hubadili njia. Hata aliyeurusha hajui utaishia wapi. Kwa hiyo sahau kudaka kwa madaha. Kazi yako ni kuuzuia usipite nyuma.

1. Glovu. Glovu ya kawaida ya mdakaji ina mzingo wa inchi 32 hadi 34. Tafuta ya 35 au zaidi. Nyingi hutengenezwa kwa ajili ya softiboli, mchezo wa jamii ya besiboli wenye mpira mkubwa zaidi. Kikomo katika ligi kuu ya Marekani ni inchi 38, na kina historia yake: mwaka 1960 Paul Richards, meneja wa Baltimore, aliwapa wadakaji wa Hoyt Wilhelm, mrushaji wa nakoboli, glovu pana kama sinia, na miaka michache baadaye kanuni ikabadilishwa. Glovu yako ilainishe mpaka ijifunge yenyewe, maana glovu ngumu huutema mpira. Hasara ya glovu kubwa ni kwamba mpira huzama ndani, ukachelewa kuurusha besi ya pili kumzuia mkimbiaji.

2. Mkao. Kaa nyuma ya besi ya nyumbani, katikati, usisogee pembeni. Uzito uwe mbele ya nyayo, nyonga juu kidogo kuliko kawaida. Mkono mtupu ufiche nyuma ya kifundo cha mguu. Kukiwa na mkimbiaji kwenye besi, ulete nyuma ya glovu, ngumi imelegea na dole gumba ndani.

3. Subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mpira wa kasi huufuata kwa kunyoosha mkono. Nakoboli ukiinyooshea mkono, itakuwa imehama kabla ya kukufikia. Legeza kiwiko, glovu iwe karibu na mwili, usiisogeze mapema. Mpira wa kilomita 120 kwa saa hukupa takriban nusu sekunde, na sehemu mbaya ni mita mbili za mwisho, kwa hiyo uamuzi wa mkono ufanyike humo humo. Usijaribu kuuvuta uonekane straiki, yaani mpira anaohesabiwa mpigaji kama nafasi aliyopoteza. Kwa kuuvuta utaupoteza, na mwamuzi naye anahangaika kuufuata kama wewe.

4. Mpira ukishuka chini. Piga magoti yote mawili, glovu ijaze nafasi kati ya mapaja, kidevu kifuani, mabega yakunje mbele ili mpira uangukie mbele yako. Barakoa, kinga ya kifua, kinga ya koo na ya nyeti ni lazima, hata mazoezini.

5. Mazoezi. Mashine ya kurusha yenye magurudumu mawili inatosha: yaweke kasi sawa, mpira utatoka bila mzunguko. Geuza mishono kila unapopakia. Anza na mipira laini.

Maswali ya wanachama

*Ishara za vidole, za kumwambia mrushaji arushe mpira gani, zinahitajika kweli?*
Ndiyo, japo chache. Lazima ujue mpira wa kasi unapokuja, la sivyo utausubiri kama nakoboli na utakupiga.

*Mpira ukinipita, kosa ni la nani?*
Mwandishi wa takwimu huamua: kama ungeweza kuzuiwa kwa juhudi za kawaida, unaandikiwa wewe. Mdakaji Geno Petralli wa timu ya Texas aliandikiwa mipira 35 mwaka 1987, kwa sehemu kubwa akimdakia Charlie Hough, mrushaji wa nakoboli. Hakuwa mdakaji mbovu.

*Straiki ya tatu ikiniponyoka?*
Kwa kawaida straiki ya tatu humtoa mpigaji, lakini ikikuponyoka na besi ya kwanza ikiwa wazi, au wakiwa wameshatoka wachezaji wawili, anaruhusiwa kukimbia. Usitazame mpigaji, tafuta mpira, mguse nao au urushe besi ya kwanza.

*Upepo una athari?*
Upepo unaompiga mrushaji usoni huufanya mpira uyumbe zaidi. Siku hiyo jiandae kushuka chini mara nyingi.

*Kwa nini timu huweka mdakaji maalumu?*
Kwa sababu kubadilika katikati ya msimu ni kazi ngumu. Aprili 2006, Josh Bard wa Boston alipitwa na mipira 10 akimdakia Tim Wakefield, mrushaji wa nakoboli. Timu ikamrudisha Doug Mirabelli, mdakaji wa zamani wa Wakefield, kutoka timu ya San Diego. Tarehe 1 Mei alipelekwa uwanjani kwa msafara wa polisi, akivaa jezi garini, ili awahi kudaka usiku huohuo.