Kuziba mwanya wa CVE-2024-6387 kwenye sshd bila kujifungia nje ya seva

Huduma ya sshd, sehemu ya programu ya OpenSSH inayowapokea wanaoingia kwenye seva wakiwa mbali (SSH), hukaa chinichini saa zote ikisubiri mtu aingie, na hufanya kazi kwa mamlaka ya root, msimamizi mwenye uwezo wote. Ndiyo maana mwanya wa CVE-2024-6387 (namba yake katika orodha ya mianya ya usalama), uliotangazwa na kampuni ya usalama ya Qualys tarehe 1 Julai 2024 ulikuwa mzito: mtu asiye na akaunti wala nywila angeweza kupata root akiwa mbali. Marekebisho yenyewe ni amri chache. Kinachowashinda wengi ni kuhakikisha kwamba yameshika kweli, na kuyafanya bila kupoteza njia ya kuingilia.

Kwanza, kosa liko wapi. Anayeunganishwa na sshd hupewa sekunde 120 za kujitambulisha. Muda huo unawekwa na mpangilio wa LoginGraceTime. Ukiisha, sshd hupokea SIGALRM (ishara ya kengele ya muda), huacha papo hapo ilichokuwa ikifanya, na kuandika logi kupitia syslog(). Kwenye Linux inayotumia maktaba ya msingi ya glibc, syslog() huweza kuita malloc() na free(), zinazogawa na kurudisha kumbukumbu. Ishara ikifika wakati malloc() iko katikati ya kupanga vipande vya kumbukumbu, kazi hiyo huanzishwa tena juu ya mpangilio ulioachwa nusu. Hapo ndipo mshambuliaji aliyeandaa data yake vizuri hupenya. Kosa hili lilikwisha kuzibwa mwaka 2006 kama CVE-2006-5051, kisha likarudishwa kwa bahati mbaya Oktoba 2020 na kutoka pamoja na toleo la 8.5p1.

Qualys walihitaji wastani wa majaribio 10,000 hivi kulenga wakati huo mfinyu. Kwa miunganisho 100 kila sekunde 120, hiyo ni saa 3 hadi 4, na saa 6 hadi 8 ukihesabu kubahatisha anwani za kumbukumbu. Waliyafanya kwenye mashine za biti 32. Za biti 64 ni ngumu zaidi kuvunja, lakini msimbo wenye kosa ni ule ule, kwa hiyo usiziache.

Je, seva yako imo?

Matoleo ya OpenSSH yaliyoathirika ni 8.5p1 hadi 9.7p1. Debian 11 (8.4p1), Ubuntu 20.04 (8.2p1) na RHEL 8 ya Red Hat (8.0p1) hazimo. OpenBSD pia imesalimika, kwa sababu hapo sshd hutumia syslog_r(), ambayo ni salama kuitwa ishara inapoingia.

Usitumie `ssh -V` kujibu swali hili. Amri hiyo huonyesha toleo la programu unayoingilia nayo kwenye seva nyingine, si la huduma inayowapokea watu. Uliza kifurushi:

`dpkg -l openssh-server`
`rpm -q openssh-server`

Tazama namba nzima, hadi mwisho. Debian, Ubuntu na Red Hat hawapandishi toleo. Huchukua kiraka na kukishonea kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo 9.2p1 inaweza kuwa salama au hatarini, na tofauti iko kwenye mkia:

- Debian 12: 1:9.2p1-2+deb12u3 au zaidi
- Ubuntu 22.04: 1:8.9p1-3ubuntu0.10 au zaidi
- Ubuntu 24.04: 1:9.6p1-3ubuntu13.3 au zaidi
- RHEL 9: 8.7p1-38.el9_4.1 au zaidi

Vikaguzi vinavyosoma namba ya toleo tu kutoka nje huendelea kulalamika hata baada ya kiraka. Usikimbilie kujijengea OpenSSH mwenyewe ili kuvinyamazisha. Ukifanya hivyo, kila kiraka kijacho kitakuwa mzigo wako. Kwa watumiaji wa RHEL 9 kuna jambo la ziada: CVE-2024-6409, ndugu wa kosa hili, ilitangazwa tarehe 8 Julai 2024, kwa hiyo chukua kifurushi kipya kabisa kilichopo, si kile cha kwanza.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua miunganisho miwili ya SSH kwenye seva na uiache wazi hadi mwisho. Kwenye mifumo yenye systemd (msimamizi wa huduma), kuwasha upya huduma ya ssh hakukati waliokwisha kuingia, kwa hiyo madirisha hayo ndiyo kamba yako ya kurudia. Hakikisha pia konsoli ya mtoa huduma wa seva inafunguka na unaijua nywila yake.

Kuweka kiraka

Debian na Ubuntu:

`sudo apt update && sudo apt install --only-upgrade openssh-server`

RHEL na jamaa zake:

`sudo dnf upgrade openssh-server`

Apt ikisema hakuna jipya ilhali namba bado ni ya zamani, tazama `apt-cache policy openssh-server`. Mara nyingi hifadhi ya vifurushi vya usalama imefutwa kwenye orodha, au kifurushi kimezuiwa; `apt-mark showhold` itakuonyesha. Ukiulizwa kuhusu sshd_config, baki na faili yako. Ukipokea mpya, mpangilio wako wa bandari na funguo unaweza kupotea pamoja na njia yako ya kuingia.

Kisha kagua mipangilio na uwashe upya:

`sudo sshd -t && sudo systemctl restart ssh`

Kwenye RHEL na Arch jina la huduma ni sshd. Amri ya `sshd -t` isiporudisha neno lolote, mambo ni mazuri. Arch inastahili angalizo lake: ukipanda hadi 9.8p1, huduma ya zamani iliyobaki ikifanya kazi haiwezi kupokea miunganisho mipya hadi iwashwe upya. Atakayesasisha na kutoka bila kuiwasha atakuta mlango umefungwa.

Sasa angalia ni faili gani hasa inayoendeshwa:

`sudo ls -l /proc/$(cat /run/sshd.pid)/exe`

Ukiona neno "deleted" mwishoni, mchakato mkuu bado umeshikilia faili ya zamani; rudia kuwasha upya. Ukiona /usr/local/sbin/sshd, kuna mtu aliyeijenga kwa mkono zamani, na apt haikuigusa kabisa. Hali hii ndiyo huponyoka ukaguzi wa vifurushi. Maliza kwa kufungua muunganisho wa tatu, mpya, kabla ya kufunga ile miwili.

Kama kiraka hakiwezekani leo

Ondoa saa yenyewe. Bila muda wa kuisha, SIGALRM haiji. Andika kwenye `/etc/ssh/sshd_config.d/00-muda.conf`:

`LoginGraceTime 0`
`PerSourceMaxStartups 5`

Jina linaanza na 00 kwa sababu sshd hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na zinazofuata huzipuuza. Hakikisha sshd_config ina mstari wa Include juu kabisa. Ukiongeza LoginGraceTime mwishoni mwa sshd_config, chini ya Match (sehemu ya masharti ya watumiaji au anwani fulani), `sshd -t` itaikataa.

Dawa hii ina gharama. Wasiojitambulisha sasa wanaweza kung'ang'ania nafasi bila kikomo, na MaxStartups (kikomo cha wasiojitambulisha kwa wakati mmoja) ikijaa hata wewe huingii. PerSourceMaxStartups hupunguza athari kwa kuipa kila anwani nafasi 5 tu, ila haizuii kundi la anwani nyingi. Kwa hiyo funga na bandari pia kwa ufw (programu ya ukuta wa moto), ukianza na ruhusa ndipo ufute sheria pana (203.0.113.0/24 hapa ni mfano):

`sudo ufw allow from 203.0.113.0/24 to any port 22 proto tcp`
`sudo ufw status numbered`
`sudo ufw delete NAMBA` (weka namba ya sheria pana)

Ili usijifungie, kabla ya kuwasha upya tega saa ya kuirudisha mipangilio ya sshd baada ya dakika 10. Haitagusa sheria za ufw:

`sudo systemd-run --on-active=10m --unit=okoa /bin/sh -c 'rm /etc/ssh/sshd_config.d/00-muda.conf; systemctl restart ssh'`

Ukishawasha upya na muunganisho mpya ukakubali, itegue kwa `sudo systemctl stop okoa.timer`. Thibitisha kwa `sudo sshd -T | grep -i logingracetime`. Inapaswa kujibu 0. Siku kiraka kitakapoingia, futa 00-muda.conf, washa upya, na uone 120 imerudi.

Kutazama nyuma

`sudo journalctl -u ssh | grep "Timeout before authentication"`

Mistari michache ni kawaida ya intaneti. Maelfu ndani ya saa chache, hasa kutoka anwani chache, ni dalili ya mtu aliyekuwa akijaribu. Logi safi haithibitishi usalama, kwani aliyepata root angeweza kuifuta; amini zaidi nakala zilizotumwa kwenye seva nyingine. Ukiwa na shaka ya kweli, usisafishe mashine hiyo. Jenga mpya kutoka chanzo safi, badilisha nywila na funguo zote zilizokuwa juu yake, na usihamishe faili za `/etc/ssh/ssh_host_*`: `sudo ssh-keygen -A` itazizalisha upya zinapokosekana.