Kutengeneza njia ya baiskeli ya mlimani kwenye vilima vya mawe Tabora

Mwongozo huu unahusu njia nyembamba, upana wa sentimita 60 hadi 90, inayopita juu ya majabali ya granaiti na kwenye udongo ulio katikati yake, kwenye vilima vya mawe kama vile vinavyochomoza porini Uyui, Nzega na Igunga. Haviinuki sana, kwa hiyo usihangaike kutafuta mteremko mmoja mrefu. Izungushe njia kwenye kilima: ipande jabali, ishuke, iingie kwenye miombo, irudi tena juu ya jabali lingine. Jabali lenyewe halitakusumbua. Kinachosumbua ni pale linapokwisha na udongo unapoanza, na ndiyo sababu Hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Ruhusa

Anza kwa mtendaji wa kijiji. Kama kilima kimo ndani ya hifadhi ya msitu ya serikali kuu, nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kisha kaa na wazee na warina asali, uliza mambo matatu: wapi ni mahali pa matambiko, wapi mizinga imetundikwa, na nani anapasua kokoto. Mahali pa matambiko pazungukwe, hakuna mjadala. Mizinga iache mbali, mita 100 au zaidi, na ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye ufa wa jabali, hamisha njia, usijaribu kuwahamisha wao. Wapasua kokoto huwasha moto juu ya jabali ili joto liligawanye. Jabali lililowahi kuchomwa hubaki na magamba legevu, halifai kupitishwa tairi.

Hatua ya 2: Vifaa

Sululu, jembe, koleo, mtaimbo, nyundo ya kilo 2, reki ya chuma, panga, ndoo ya lita 20, ufagio wa chelewa. Kwa kupima mteremko chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji ya fundi mwashi. Laza ubao kuelekea mteremko unakokwenda, weka pima maji juu yake, inua ncha ya chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Sentimita 8 ni asilimia 8. Basi.

Programu za simu zinapima pia, lakini nyingi hutoa jibu kwa digrii, na hapo watu huchanganya. Digrii 10 ni karibu asilimia 18, mteremko ambao kwenye udongo wa huku mvua ya msimu mmoja inatosha kuuchimba. Ubao hauna utata huo wala hauishiwi chaji.

Hatua ya 3: Kuchora njia

Kagua kilima Machi au Aprili, maji yakiwa bado yanatembea. Chimba Mei na Juni, udongo ukiwa na unyevu. Ukingoja Oktoba utapiga sululu kwenye ardhi ngumu kama tofali, na changarawe haitashikana hata ukiishindilia kutwa.

Kwenye udongo, mteremko wa wastani uwe asilimia 6 hadi 8, na usizidi 10 isipokuwa kwa mita chache. Tena usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa kilima: ubavu ukiwa na asilimia 14, njia iishie 7. Ukizidisha, maji hayatavuka njia, yataifuata.

Juu ya jabali kanuni hiyo haina kazi, kwa sababu hakuna udongo wa kumomonyoka. Pale mpaka wako ni tairi na moyo wa mpanda baiskeli. Granaiti kavu ina msuguano wa kutosha: asilimia 30 ni ya kawaida kwa mtu aliyezoea, 45 ni ya wazoefu. Ikilowa, na hasa penye kuvu na ukungu mweusi, ni jambo jingine kabisa, kwa hiyo kila jabali lenye mteremko mkali liwe na njia ya pembeni.

Piga jabali kwa nyundo kila hatua mbili. Sauti kali na fupi, pita. Sauti ya mtungi mtupu maana yake kuna gamba lililoachana na mwamba. Likibanduka litabanduka na mtu juu yake. Tia alama kwa chokaa wakati wa kuchora, na baadaye kwa mawe madogo yaliyopangwa pembeni. Rangi ya mafuta kwenye jabali ni uchafu tu, ingawa wapo wanaoipenda.

Hatua ya 4: Jabali linapokutana na udongo

Jabali tupu halinywi maji. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya jabali la mita za mraba 200, karibu lita 2,000 zitateremka, sawa na mapipa kumi. Yote hushukia ukingoni. Udongo uliopo hapo ni granaiti iliyooza: madini yake ya feldispa yamegeuka udongo mlaini, punje ngumu za madini ya kwatzi zimebaki changarawe. Maji hubeba ule mlaini kwanza, changarawe inabaki haina kiunganishi, kisha nayo inaondoka. Tairi linakata mfereji, mfereji unavuta maji zaidi, na baada ya masika pana ngazi ya sentimita 30 ambayo tairi la mbele linaidumbukia na mtu anaruka juu ya usukani.

Kwa hiyo, kwanza chagua mahali pa kutokea. Mistari myeusi kwenye jabali ndiyo mapito ya maji. Hata kiangazi huonekana. Usishuke kwenye mistari hiyo, wala kwenye sehemu iliyobonyea. Toka kwenye mgongo wa jabali, palipotuna, ambapo maji hugawanyika kulia na kushoto. Kama huna uhakika, mwaga ndoo nzima mita 5 juu ya ukingo na uangalie. Kisha mwaga nyingine, maana ndoo ya kwanza kwenye mwamba wenye vumbi hudanganya: maji hufuata vumbi, si mteremko.

Pili, tandika mawe kwenye mita 2 hadi 3 za kwanza za udongo. Chimba kina cha sentimita 25, upana uzidi njia kwa sentimita 20 kila upande. Anza chini, upande ulio mbali na jabali, kwa jiwe kubwa kuliko yote, lile ambalo watu wawili wanalisukuma kwa mtaimbo. Hilo ndilo linalozuia mengine yasiteleze. Ukianza juu, mstari wote utashuka polepole. Kila jiwe lifukiwe theluthi mbili, upande mrefu ukielekea chini ardhini na si kulala. Watu hulaza mawe bapa kama vigae kwa sababu yanapendeza. Yanapendeza mpaka yaanze kucheza. Viungo vya safu moja visilingane na vya safu inayofuata, na mapengo yajazwe vijiwe vilivyogongwa kwa nyundo. Jiwe la mwisho ligusane na jabali na liwe chini yake kidogo, sentimita 1 au 2, lisitokeze juu.

Usitumie saruji. Maji hupita chini yake, udongo unaondoka, na unabaki na bamba linaloning'inia ambalo siku moja litavunjika vipande vyenye makali. Mawe makavu yakishuka kidogo unayapanga upya kwa nusu saa.

Mawe yaokotwe mbali na njia, na yageuzwe kwa mtaimbo kabla ya kuingiza mkono. Nyoka aina ya moma hupenda vivuli vya chini ya mawe. Usichomoe jiwe lililobeba jingine.

Tatu, mita 3 au 4 chini ya mawe, weka kijibonde: njia ishuke, kisha ipande kidogo, sentimita 15 hadi 20, kabla ya kuendelea kushuka. Maji hayawezi kupanda, kwa hiyo hutoka pembeni kwenye mdomo wa upana wa mita 1. Mdomo ukiwa mwembamba utazibwa na majani ya msimu wa kwanza. Rudia kijibonde kila mita 10 hadi 15 kwenye changarawe, na kati ya kijibonde kimoja na kingine njia iiname upande wa bondeni kwa sentimita 5 kwa kila mita ya upana. Ukienda kinyume, yaani ukaiinamisha upande wa kilima ili kona iwe tamu, lazima kijibonde kiwe kabla ya kona, si ndani yake.

Hatua ya 5: Kushindilia

Changarawe peke yake haishikani. Changanya ndoo 3 za changarawe na 1 ya udongo wa kichuguu, ule ule wa kusakafia nyumba, nyunyiza maji mpaka ukifinya kiganjani uwe donge, weka tabaka la sentimita 5, shindilia, rudia.

Hatua ya 6: Kujaribu

Fagia jabali. Punje za kwatzi juu ya mwamba mkavu hubingirika chini ya tairi, na ajali nyingi huanzia hapo, si kwenye ukali wa mteremko. Chini ya kila jabali pawe na mita 8 au zaidi za kunyooka kabla ya kona au mti.

Pita kwa mguu, kisha kwa baiskeli polepole, kisha kwa kasi. Kwa tairi la inchi 2.2 lenye tyubu na mtu wa kilo 70, upepo wa psi 28 hadi 32 unatosha. Mafundi wengi wa chini ya mwembe hujaza mpaka tairi lisibonyee, kwa kuwa wamezoea baiskeli za Phoenix zinazobeba magunia. Kwenye granaiti tairi hilo litadundadunda na kukosa mshiko. Ukishuka chini ya 25, ukingo wa jabali utaitoboa tyubu mara mbili, matundu yakiwa sambamba.

Mvua za Novemba zikianza, nenda na reki. Tairi husukuma changarawe pembeni na kujenga kingo upande wa bondeni, na kingo hizo hufungia maji ndani ya njia. Zivunje, zibua midomo ya vijibonde, na usiruhusu mtu kupita mpaka alama ya kiatu isizame tena kwenye udongo.