Kuchapa alama za Kiluwi bila kupata viboksi

Steshenari yangu iko Ngarenaro, Arusha. Kazi nyingi ni barua za maombi na mitihani ya majaribio, lakini nina mteja mmoja, mwalimu wa historia, anayetaka maandishi ya Kiluwi kwenye makala zake. Hii ni lugha iliyosemwa zamani sana huko Anatolia, Uturuki ya leo, na alama zake zilichongwa kwenye mawe: vichwa, mikono, wanyama.

Usikate picha za alama na kuzibandika. Picha haitafutiki wala hainakiliki kama herufi. Tangu 2015 alama hizi zimo ndani ya Unikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, toleo la 8.0, zikiwa 583, kuanzia namba 14400.

Kwanza pakua fonti ya Noto Sans Anatolian Hieroglyphs, ya bure, uiweke kwenye kompyuta. Pasipo fonti utaona viboksi vitupu, hata kama namba ni sahihi. Kisha fungua Word, andika 14400, bonyeza Alt na X kwa pamoja. Atatokea mtu anayejionyesha kwa mkono. Huyo ndiye "mimi", alama A001. Asipotokea, mteue umpe fonti ile.

Namba hizo za A zinafuata orodha ya Mfaransa Emmanuel Laroche ya 1960. Ila usijumlishe kichwani ukidhani A300 iko hatua 299 mbele ya A001. Katikati kuna alama kama A045A zinazovuruga hesabu. Fungua jedwali la Unikodi, utazame kwa macho.

Sasa mwelekeo. Jiwe huandikwa kama mtu anayelima kwa ng'ombe: mstari ukiisha, unaofuata unarudi ulikotoka, na nyuso hutazama mwanzo wa mstari. Kompyuta hupanga yote kushoto kwenda kulia, na alama zilizopandana juu na chini hulala mstari mmoja. Mimi huweka picha ya jiwe pembeni, msomaji alinganishe. Kuhangaika na nafasi ili ufanane na jiwe ni kupoteza umeme.

Ukihifadhi kwenye hifadhidata ya MySQL, chagua mfumo wa kuhifadhi herufi uitwao utf8mb4. Kila alama hula baiti nne, na ile utf8 ya zamani huishia tatu.

Mteja akitaka faili kwa WhatsApp, mpe PDF yenye fonti ndani. Ukimtumia ya Word, simu yake itamwonyesha viboksi, na lawama utabeba wewe.