Kuunda baiskeli ya mizigo yenye bodi mbele

Anayepandisha maji Newala kutoka bondeni anaijua adha yake: madumu yamepangwa kwenye keria, mlima ukianza gurudumu la mbele linaelea na usukani haukusikii. Kuongeza keria hakusaidii. Mzigo uhame, ukae mbele yako, chini, kati ya magurudumu mawili. Hivi ndivyo ninavyoziunda baiskeli za namna hiyo hapa Mtwara mjini.

Hatua ya 1: Chuma
Chukua baiskeli ya Phoenix kuukuu. Kutu ya juu haina neno. Kagua nyufa penye ekseli ya pedeli na shingoni. Fremu ya alumini iache, mashine zetu za rodi haziiwezi. Mbele weka gurudumu la inchi 20 la baiskeli ya mtoto na foku yake, tairi liwe pana, maana mchanga wetu unameza tairi jembamba. Uti wa mgongo, ule wa kuunganisha mbele na nyuma, ni skwea paipu ya mm 50 kwa 50, unene mm 2. Ukiamua kutumia bomba la maji, kwangua zinki yote kabla ya kuchomelea. Moshi wake unaleta homa usiku.

Hatua ya 2: Mchoro
Chora kwa chaki sakafuni, ukubwa halisi. Bodi iwe na urefu wa sm 65, na sakafu yake iwe sm 25 kutoka ardhini. Shingo ya mbele, ile inayoshika foku ya gurudumu dogo, ilale nyuzi 70 kutoka ardhini. Sasa usikimbilie: pitisha rula ndefu katikati ya shingo hiyo hadi ardhini. Mstari uguse sm 5 au 6 mbele ya pale tairi linapokanyaga. Ukiangukia nyuma yake, usukani utakutoroka mikononi. Afadhali ufute chaki mara kumi kuliko kukata chuma mara mbili.

Hatua ya 3: Kuchomelea
Foku ya zamani ya Phoenix ikate miguu. Shina lake libaki, ndilo litakaloshika usukani. Unganisha kila kitu kwa vitone tu, funga magurudumu yote, kisha vuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Ukinyooka, malizia kwa vipande vifupi, kushoto kisha kulia, kwa sababu chuma huvutwa na moto. Rodi ya mm 2.5 itatoboa paipu ya baiskeli usipopunguza moto.

Hatua ya 4: Tairodi
Tairodi ni fimbo ya chuma inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye foku ya mbele. Chomelea mkono mmoja chini ya shina la usukani na mwingine kwenye foku ya mbele, upande uleule, urefu sawa, kisha uiunganishe kwa tairodi. Viungo vya ncha zake natoa kwenye kifimbo cha gia cha pikipiki. Shika tairi la mbele kwa magoti, tikisa usukani: kiungo kikicheza hata kidogo, badilisha.

Hatua ya 5: Breki na stendi
Breki ziwe mbili. Ya mbele ivutwe kwa waya mrefu wa pikipiki. Stendi iwe ya miguu miwili mipana, chini ya bodi.

Hatua ya 6: Majaribio
Anza na dumu mbili za lita 20, uwanja mtupu. Tazama mbali, ukilitazama gurudumu utaanguka. Kaza nati zote upya, ndipo upake oksidi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi. Ziba ncha za paipu, na utoboe tundu dogo chini maji yatoke, hasa kama unakaa Mikindani au Shangani, karibu na chumvi.