Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwalika mwimbaji wa klasiki Mwanza

Kwaya kadhaa hapa mjini zimeanza kupanga jioni za muziki wa klasiki: mwimbaji mmoja, mpiga piano mmoja, nyimbo za Kijerumani na Kiitaliano, pengine na mbili tatu za kwetu. Ni jambo zuri sana. Lakini maandalizi yake si yale ya tamasha la injili, na kamati isiyoelewa hilo itamtesa mgeni wake. Nimeona waimbaji hodari wakiondoka mji huu koo limeumia, kwa sababu ya vitu ambavyo mtu mmoja mwenye daftari na simu angevimaliza kwa siku mbili. Basi chukua daftari.

Vibali kwanza. Nenda kwa afisa utamaduni, wa Nyamagana au wa Ilemela kutegemea ukumbi uko wapi, akuelekeze habari za kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kama mwimbaji anatoka nje ya nchi, anza mapema zaidi. Upande wa hakimiliki, sheria yetu ya mwaka 1999 inailinda kazi katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo nyimbo nyingi za kale za Ulaya hazina shida. Ila mtunzi wa kwaya yenu aliye hai, ambaye wimbo wake mmeuingiza kwenye programu, aombwe ruhusa na alipwe.

Tarehe. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na makanisa na kumbi zetu nyingi zimeezekwa bati bila dari. Mvua ikishuka juu ya bati hilo, hata mhubiri mwenye spika nne hunyamaza akasubiri. Mwimbaji wa klasiki hana hata spika moja. Panga Juni, Julai au Agosti. Kama ni lazima iwe Desemba kwa sababu ya Noeli, tafuta jengo lenye dari, na ulitafute sasa.

Saa. Mimi napendekeza saa 10:30 jioni, na watu wafunguliwe mlango saa 10. Adhana ya Alasiri inakuwa imepita, ya Magharibi bado, hivyo hamgongani na majirani wa msikitini na wao hamuwaudhi. Mwanga wa jua bado upo, umeme ukikatika hamwimbi gizani. Wa Igoma, Buhongwa na Nyegezi wanapata daladala za kurudi. Na kama mtu amewashawishi mfanye usiku, kwenye bustani ya hoteli kando ya maji kule Capri Point, kataeni. Vijidudu vya ziwani hufuata taa kwa mawingu, na hutoka kwa wingi hasa siku za mwezi mwandamo. Mwimbaji anavuta pumzi kwa kinywa kilicho wazi kabisa. Fikiria mwenyewe kitakachoingia.

Ukumbi usiuchague kwa ukubwa wala kwa mapambo. Sauti iliyofunzwa kwa klasiki hupenya kwa sababu sehemu ya nguvu yake hukusanyika kwenye eneo la mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu ni jepesi sana kusikia. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kusikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti. Lakini upenyaji huo unahitaji kuta zinazorudisha sauti na mahali palipotulia. Nenda ukumbini siku na saa ileile ya onyesho, wiki moja kabla. Mpeleke mtu aimbe mbele, wewe kaa benchi la nyuma kabisa. Sikiliza feni. Sikiliza jenereta la duka la jirani, gereji, kijiwe cha bodaboda, baa inayofungua muziki saa 11. Jengo la mawe lenye sakafu ya vigae lina mwangwi mkubwa likiwa tupu. Watu wakijaa, nguo na miili yao vitaumeza mwingi. Kwa hiyo mwangwi wa mazoezini usiwatishe, kelele za nje ndizo ziwatishe.

Fundi mitambo aambiwe mapema, kwa heshima, kwamba kipaza sauti ni cha mshereheshaji tu. Mafundi wetu wana moyo wa kusaidia. Wakimwona mtu anaimba mikono mitupu, wanamletea maiki katikati ya wimbo.

Sasa kinanda. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoona mtu akiumizwa.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye kanisa moja la mjini. Dada mmoja wa soprano alikuja na mpiga piano wake, wakafanya mazoezi asubuhi, kila kitu sawa. Kinanda kilikuwa cha umeme, kizuri, funguo zote 88. Wakaenda kupumzika. Saa 8 mchana kukawa na ndoa kanisani humo, na kijana wa kwaya ya pale akakitumia kinanda kama anavyokitumia siku zote: anapiga kwa C, halafu anabonyeza kitufe cha transpozi kupandisha sauti ya kinanda kizima mpaka kimo kinachowafaa waimbaji. Siku hiyo alipandisha nusutoni tatu, yaani hatua tatu ndogo kabisa za kinanda. Ndoa ikaisha, maharusi wakatoka kwa vigelegele, kinanda kikafunikwa kitambaa tu bila kuzimwa, mipangilio ikabaki vilevile.

Onyesho lilipoanza, mpiga piano aliweka vidole mahali sahihi kama nota zinavyosema, na kinanda kikatoa kitu kingine. Alishtuka, nilimwona akiinamia kile kioo kidogo, lakini hakukijua kinanda kile na utangulizi ulikuwa mfupi. Dada akaingia. Mwimbaji aliyefunzwa huyajua mapando ya wimbo wake kooni, si sikioni tu, na alihisi tangu mstari wa kwanza kwamba kuna kitu hakipo sawa. Kilele cha wimbo ule kilikuwa A ya juu, yaani nyuzi za sauti zinagongana mara 880 kwa sekunde. Kwa nusutoni tatu zile ikawa C ya juu, karibu mara 1,050. Ni sauti ambayo soprano huiandaa kwa majuma, huipangia pumzi, huipangia hata chakula cha mchana. Yeye aliikuta imesimama mbele yake bila onyo, mbele ya kanisa lililojaa. Hakusimama. Aliiendea, ikatoka imepasuka, akaumaliza wimbo.

Kijana wa kwaya ndiye aliyeelewa. Alipita pembeni akiinama, akamnong'oneza mpiga piano, "Kaka, samahani, transpozi," akairudisha sifuri. Kuanzia hapo kinanda kilikuwa sahihi, lakini koo lilikuwa limeshaumia. Dada aliruka nyimbo kadhaa za mwisho, kesho yake hakuweza kuongea, na onyesho lake lililofuata akalifuta. Kinachoniuma hadi leo ni maneno niliyoyasikia mlangoni watu wakitoka: "Kumbe hana sauti." Sauti alikuwa nayo. Wenyeji ndio waliokiacha kinanda kwenye mikono ya kila mtu.

Kwa hiyo: mazoezi ya mwisho yakiisha, kinanda hakiguswi. Kama kuna ndoa au misa katikati, kwaya itumie kinanda kingine, hata kama ni kidogo. Weka mtu wa kukilinda, na awe mtu asiyeona haya kumwambia hata mwalimu wa kwaya "hapana, mwalimu." Robo saa kabla ya wageni kuingia, mpiga piano mwenyewe athibitishe transpozi ipo sifuri na A ya kati inalia mitetemo 440 kwa sekunde, programu ya bure ya kupimia sauti kwenye simu inatosha. Kinanda cha funguo 61 msikipokee hata kwa bure, maana nota za chini kabisa za mkono wa kushoto zitakosa mahali. Kanyagio la kurefusha sauti liwepo, na lifungwe lisitembee sakafuni.

Mkibahatika kupata piano halisi ya mbao, isogezwe ukumbini siku kadhaa kabla, ipoe, ndipo fundi aikaze. Mbao hunyonya unyevu wa ziwa na kuvimba, na nyuzi zaidi ya 200 zilizomo husogea nazo. Fundi wa kukaza piano hapatikani kila mtaa hapa Mwanza, basi nauli yake ya kutoka Dar es Salaam iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, isiwe kitu cha kukumbukwa ukumbi umeshalipiwa.

Mgeni mwenyewe sasa. Ukarimu wetu ni mkubwa na mara nyingine unaua. Msimpe sato mzima na ugali saa moja kabla ya kuimba. Ale mapema, muda wa saa tatu hadi nne kabla ya kuimba, chakula chepesi, bila pilipili nyingi. Maji yasiwe ya barafu. Siku ya onyesho asizungushwe kwenye mahojiano ya redio, salamu kwa wazee wa kanisa na picha na kila kikundi, kwa sababu kuongea kunamchosha kuliko mnavyodhani. Salamu zisubiri baada ya onyesho. Apewe chumba chenye mlango unaofungwa, hata kama ni ofisi ya katekista. Na wauza mishkaki na wakaanga samaki wasiweke majiko yao madirishani mwa ukumbi. Moshi ule unaingia moja kwa moja kwenye mapafu yanayofanya kazi.

Wasikilizaji waandaliwe pia. Mshereheshaji aseme mapema, kwa dakika mbili, si kumi: simu zizimwe, makofi na vigelegele mwisho wa kila kundi la nyimbo, kutunza baada ya wimbo wa mwisho, asiende mtu mbele na noti mkononi mwimbaji akiwa katikati ya pumzi. Chapeni karatasi yenye maana ya kila wimbo kwa Kiswahili, mistari mitatu inatosha. Watu wetu wanajua kusikiliza, wamelelewa kwenye kwaya za sauti nne. Wanachotaka ni kujua dada analia nini.

Mengine ni ya kawaida, ila ndiyo yanayosahaulika. Gari la kwenda uwanja wa ndege liwe na mafuta tangu jana. Nakala ya pili ya nota iwepo, imepangwa kwa kurasa. Kibanio cha nguo kwa ajili ya karatasi, maana madirisha yakifunguliwa upepo wa ziwa unaingia. Taa ya kuchaji kando ya kinanda. Malipo ya mwimbaji yawe kwenye bahasha au kwenye simu yake kabla hajapanda jukwaani. Mwenye funguo za ukumbi awe na namba za watu wawili wa kamati, na nyie muwe na za kwake na za mke wake. Angalieni vyoo vina maji. Halafu angalieni tena asubuhi ya siku yenyewe.