Jinsi ya Kusoma Victoria Cross ya Kamanda

Ukipata nafasi ya kuchunguza Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1856, anza na upande wa nyuma, kwa kuwa ule wa mbele, wenye simba na taji, hufanana katika nishani zote. Katikati ya msalaba huchongwa tarehe ya tendo lenyewe, na nyuma ya kipande kinachoshika utepe huandikwa jina, cheo na kikosi. Kisha tafuta maelezo yake katika gazeti rasmi la London Gazette, ukipima alichofanya kamanda mwenyewe mbele ya adui, wala si ushindi wa kikosi chake tu. Utepe wa buluu, badala ya ule mwekundu uliozoeleka, usikutie shaka upesi: wanamaji waliuvaa hadi 1918.